Nje ya Kuta za Maweni: Kutoka Mnyororo Hadi Uangalizi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Kila mkazi wa Tanga anajua baiskeli ni kitu gani. Katika mji wetu baiskeli ni miguu ya muuza samaki, ni mkokoteni wa muuza mkaa, na ni heshima ya mzee anayekwenda msikitini. Kwa hiyo nitaanza mazungumzo ya leo na baiskeli.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 19, mkazi wa Ngamiani, hana kazi ya kueleweka. Asubuhi moja anaikuta baiskeli ya muuza samaki imeegemezwa ukutani, mwenyewe kaingia ndani mara moja kunywa maji. Kijana anaipanda na kupotea nayo. Siku ya tatu anakamatwa Makorora akitafuta mnunuzi. Taa na karia vimekwisha ng'olewa. Anafikishwa mahakamani, anakiri kosa. Hajapata kushtakiwa kabla ya hapo. Je, hakimu afanye nini?

Lipeleke swali hilo kwenye baraza lolote la kahawa na utapata majibu matatu. Wa kwanza atasema: apelekwe Maweni akaone cha mtema kuni. Wa pili atasema: achapwe viboko mbele za watu, kesho hatarudia. Wa tatu, mwenye sauti ya upole, atasema: ni kosa la kwanza, apewe kifungo cha nje. Hapo baraza zima litacheka. Watasema hicho si kifungo, hiyo ni likizo. Mwingine ataongeza, kwa sauti ya chini, kwamba bila shaka kuna mtu kapewa kitu kidogo.

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tukizungumzie kicheko hicho. Hakikuanza jana. Kina historia yake hapa pwani, kuanzia Pangani hadi mpakani Horohoro. Tusipoijua historia hiyo hatutaelewa kwa nini utaratibu unaoitwa uangalizi wa wahalifu, ambao wengi wanauita probesheni, umekuwemo katika sheria zetu tangu mwaka 1947 na bado watu wanauona kama kitu cha kigeni, au kama njia ya mkato ya kumkwepesha mwizi.

Tuanze kabla ya jela. Wazee wetu Wabondei, Wadigo, Wasegeju, Wazigua na Wasambaa hawakuwa na nyumba ya kumfungia mtu ili iwe ndiyo adhabu yake. Aliyeiba alilipa. Aliyeua, ukoo wake ulilipa pamoja naye. Tusiipambe sana hali hiyo, kwa sababu aliyeshindwa kulipa aliweza kuwekwa rehani, yeye au mtoto wake, na wako waliouzwa utumwani kwa deni la namna hiyo. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: kosa la mtu mmoja lilikuwa mzigo wa watu wengi, na watu hao walikuwa na sababu ya kumwangalia asirudie.

Waliosoma Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, wanakumbuka kisa cha Mbegha. Mbegha alikataliwa na jamaa zake kule Ngulu kwa kuwa alikuwa kigego. Alipopata makao Kilindi, mtoto wa mkubwa wa huko alifuatana naye kuwinda, akauawa na nguruwe mwitu. Mbegha akakimbia damu hiyo. Watu wa Usambaa walimpokea, wakamtazama mwenendo wake, wakala nyama ya mawindo yake, wakamletea magomvi yao awaamulie, na mwisho wakamtawaza Vugha. Sisemi kwamba Mbegha alikuwa mhalifu. Nasema kwamba ufalme uliotawala milima ya Usambara unasimulia asili yake kwa kisa cha mtu aliyekimbia lawama akapewa nafasi ya pili, chini ya macho ya watu.

Kisha wakaja Wajerumani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889, na baada ya hapo pwani yetu ikafundishwa maana mpya ya adhabu. Amri ya serikali yao ya mwaka 1896 iliweka kiwango cha viboko: visizidi 25 kwa mara moja. Ndipo lilipozaliwa lile neno ambalo babu zetu walilitaja kwa kukunja uso: hamsa ishirini. Pamoja na kiboko ukaja mnyororo. Wafungwa walifungwa pete za chuma shingoni, wakaunganishwa mmoja na mwenzake, wakatolewa nje kufagia njia, kubeba maji na kujenga. Picha za wakati huo zipo hadi leo.

Tuzingatie jambo hilo, ndugu wasikilizaji. Mfungwa wa kwanza ambaye watu wa miji ya pwani walimwona hakuwa mtu aliyefichwa nyuma ya ukuta. Alikuwa nje, barabarani, machoni pa watoto wake. Hakutolewa nje ili arekebike. Alitolewa kwa sababu mji ulihitaji barabara, na kwa sababu aibu yake ilikuwa somo kwa wengine.

Waingereza waliutwaa mji wa Tanga Julai 1916. Mnyororo wa shingoni ukatoweka, lakini sababu za kumtia mtu hatiani zikaongezeka. Kodi ya kibanda, iliyoanza wakati wa Mjerumani mwaka 1898, iliendelea kwa sura nyingine, na asiyelipa alikuwa na kesi. Na hapa kwetu kulikuwa na mkonge. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safarini, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufika miaka ya 1920 na 1930 mashamba yake yalikuwa yameenea Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani, yakitafuta vibarua usiku na mchana. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya kibarua aliyeacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha aonekane mhalifu. Hakuiba, hakupiga mtu, alikimbia mkonge. Nako kukimbia mkonge kulimpeleka kortini.

Mambo hayo yalipozidi, magereza yakajaa watu waliokosa kodi na waliokosa faini ndogo ndogo. Kuwalisha kuna gharama. Ndipo katika miaka ya 1930 serikali ya Tanganyika ikaweka utaratibu wa kazi ya adhabu nje ya gereza: mwenye kifungo kifupi au aliyeshindwa kulipa faini aliweza kulala kwake, na asubuhi akaripoti kufanya kazi ya serikali bila ujira, kufyeka, kufagia, kutengeneza njia. Hicho ndicho ambacho watu walikiita kifungo cha nje, na jina hilo limekaa vinywani mwetu hadi leo.

Kwa aliyefungwa, kulala nyumbani na mke na watoto kulikuwa bora kuliko kulala jela, hilo halina ubishi. Lakini tuulize: nani alimwuliza mtu yule kwa nini alikosa kodi? Nani alikwenda kwake kutazama shamba lake limepatwa na nini? Hakuna. Barabara ilifyekwa, kitabu kikatiwa saini, mtu akaenda zake na tatizo lake lile lile. Mwaka uliofuata alirudi tena.

Basi, msikilizaji, baraza la kahawa linapocheka linaposikia kifungo cha nje, lina haki kwa kiasi fulani. Kwa vizazi vitatu neno nje lilikuwa na maana mbili tu: kutumikishwa hadharani, au kupunguza gharama za serikali. Habari ya kumrekebisha mtu haikuwemo.

Uangalizi ulitoka kwenye chemchemi nyingine kabisa. Agosti 1841, katika mji wa Boston huko Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus alikuwa amekaa mahakamani akasikiliza kesi ya mlevi aliyekuwa karibu kupelekwa gerezani. Augustus hakuwa hakimu wala wakili. Alimwendea yule mtu, akazungumza naye, kisha akamwomba hakimu ampe dhamana. Mahakama ikampa majuma matatu. Siku ya kurudi, watu hawakuamini kwamba ni yule yule. Hakimu akamtoza faini ya senti moja na gharama za kesi. Kuanzia hapo hadi alipofariki mwaka 1859, fundi viatu huyo aliwadhamini watu wapatao elfu mbili. Alichagua wa kuwadhamini kwa uangalifu, akawatafutia makazi na kazi, akarudi mahakamani kutoa taarifa. Kila kitu anachokifanya ofisa uangalizi leo, yule fundi alikifanya kwa mfuko wake.

Uingereza nayo ilianza mwaka 1876 kwa watu wa kanisa waliokaa mahakamani kuwasaidia walevi, na mwaka 1907 ikatunga sheria kamili. Sheria hiyo ilimpa ofisa kazi ambayo si kawaida kuikuta katika sheria za makosa: kumshauri mtu, kumsaidia, na kuwa rafiki yake. Ni neno zito hilo kuandikwa na serikali.

Kenya ilipata sheria kama hiyo mwaka 1943, na Tanganyika mwaka 1947. Kazi ikawekwa mikononi mwa watu wa ustawi wa jamii. Hebu tutazame sheria ya 1947 inasema nini, maana iko hai hadi leo ikiwa na marekebisho. Mahakama inapomwona mtu ana hatia, na ikitazama aina ya kosa, umri wake, tabia yake na mazingira yake, inaweza kumweka chini ya uangalizi kwa muda usiozidi miaka mitatu badala ya kumfunga. Lakini kwanza hakimu ni lazima amweleze, kwa lugha nyepesi anayoielewa, masharti ni yapi na nini kitampata akiyavunja. Kisha mtu huyo ni lazima aseme mwenyewe kwamba yuko tayari kuyafuata. Asipokubali, amri haitolewi.

Hapo ndipo tofauti ilipo, ndugu wasikilizaji. Mtu wa mnyororo hakuulizwa. Kwa mara ya kwanza hapa pwani, sheria ya adhabu ilimtaka mkosaji atoe ahadi kwa kinywa chake, na ikampa mtu wa kumshika mkono na kumshika ahadi yake. Akiivunja, anarudishwa mahakamani na kuhukumiwa kwa kosa lile lile la kwanza. Huo si msamaha. Ni deni lenye mdhamini.

Sasa utauliza: kama sheria nzuri hivyo ilikuwepo, mbona haikuota mizizi? Ziko sababu nyingi, nami nitataja mbili.

Ya kwanza ni kwamba tulipopata uhuru tulikuwa na haraka. Taifa changa liliona wizi wa mali ya umma na wizi wa mifugo kuwa ni usaliti. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini: kwa makosa yaliyotajwa, kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24, nusu mtu anapoingia gerezani na nusu anapotoka. Hesabu ndogo: hamsa ishirini ya Mjerumani ilikuwa imepungua kiboko kimoja. Kwa makosa hayo hakimu alikuwa amefungwa mikono isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Sheria ya 1972 iliondoa viboko hivyo, lakini mwaka 1989 vikarudi. Sitaki kuwalaumu wabunge wa wakati ule. Waliogopa nchi isioze mapema. Lakini sheria inayompimia kila mtu kwa kibaba kimoja haiachi nafasi ya kumwuliza huyu ni nani na ametoka wapi.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Gereza ni jengo, likishajengwa linaonekana. Uangalizi hauna jengo. Uko katika miguu ya ofisa mmoja na katika macho ya mtaa. Ofisa akiwa na wilaya nzima na hana usafiri, na mtaa ukiwa umekwisha mhukumu kijana, uangalizi unabaki karatasi.

Matokeo yake tuliyaona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafungwa na mahabusu wa Tanzania Bara walizidi 40,000, katika magereza yaliyojengwa kwa watu wapatao 23,000. Sehemu kubwa yao walikuwa mahabusu ambao kesi zao hazijakwisha. Katika chumba kama hicho, mwizi wa baiskeli analala ubavu kwa ubavu na jambazi. Anaingia akiwa anajua kuiba kimoja, anatoka akiwa amefundishwa kuiba kumi.

Dunia nayo ilikuwa imeanza kugeuka. Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Tokyo juu ya adhabu zisizo za kifungo Desemba 1990. Zimbabwe ikaanza mpango wake wa huduma kwa jamii mapema katika miaka ya 1990, na nchi nyingi za Afrika zikaenda kujifunza huko. Mwaka 1996 Azimio la Kampala likasema wazi kwamba hali ya magereza ya Afrika haivumiliki. Majirani zetu wa Mombasa wakapata Sheria ya Huduma kwa Jamii ya Kenya mwaka 1998. Sisi tulipata yetu mwaka 2002.

Sheria hiyo ya 2002 inamruhusu hakimu, pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, amwamuru mkosaji afanye kazi ya manufaa kwa umma bila malipo, kwa kawaida muda wa saa nne kwa siku, katika shule, zahanati au taasisi nyingine ya umma. Muda unaobaki anautumia kutafuta riziki ya watoto wake. Kazi ya usimamizi leo iko kwa maofisa wa Huduma za Uangalizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hao ndio wanaosimamia pia wale walio chini ya sheria ya 1947.

Tusichanganye mambo. Uangalizi ni ahadi yenye masharti, bila kazi ya lazima. Huduma kwa jamii ni kazi badala ya jela. Na parole, iliyowekewa sheria mwaka 1994, ni ya mtu aliyekwisha tumikia sehemu ya kifungo chake gerezani. Watoto nao wana mlango wao: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na Tanga ni mmoja wa miji michache yenye mahabusu ya watoto, ili mtoto asingojee kesi pamoja na watu wazima.

Sasa turudi kwa kijana wetu na baiskeli yake.

Kabla ya kutoa adhabu, hakimu anamtaka ofisa uangalizi alete taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Ofisa anakwenda Ngamiani. Hamwulizi kijana peke yake. Anabisha hodi kwa mama yake. Anamwona mwenyekiti wa mtaa. Anamtafuta mwalimu aliyemfundisha, au fundi aliyewahi kumtumia gereji. Anakwenda pia kwa muuza samaki aliyeibiwa, naye huyo ana mengi ya kusema. Kwa siku tatu alikosa baiskeli, kwa siku tatu samaki wa Deep Sea hawakufika kwa wateja wake, na watoto wake walikula mihogo mikavu. Taarifa isiyokuwa na sauti ya mtu huyo ni nusu taarifa.

Pengine ofisa anagundua kwamba kijana anavuta unga. Hilo si jambo geni kwetu. Mji wa bandari una mateja wake. Kama ndivyo, kumfunga miezi sita bila tiba ni kuahirisha wizi unaofuata. Hospitali ya Bombo inatoa tiba ya methadoni, na ofisa mwenye busara atalitaja hilo katika taarifa yake. Pengine anagundua kwamba hakuna unga, kuna njaa tu na marafiki wabaya. Dawa ya ugonjwa huu si dawa ya ugonjwa ule.

Hakimu anasoma, anaamua. Tuseme anampa uangalizi wa miezi 18, pamoja na fidia ya taa na karia, ambayo mahakama ina uwezo wa kuiamuru. Kijana anaulizwa: unakubali? Anakubali. Kuanzia siku hiyo anaripoti kwa ofisa kwa siku zilizopangwa. Hahami bila kutoa taarifa. Ofisa anamtembelea nyumbani, mara nyingine bila kuaga. Fidia inalipwa kidogo kidogo. Akijificha, kuna hati ya kumkamata.

Je, hiyo ni likizo? Niambie, msikilizaji: ni yupi anayebeba mzigo mzito zaidi? Yule anayekaa ndani akila chakula kilicholipiwa na kodi yako na yangu, ambaye hamwoni muuza samaki hata siku moja? Au yule anayepita kila asubuhi mbele ya mtu aliyemwibia, akiwa na deni lake mkononi, na mtaa mzima ukijua? Wahenga wamesema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Maweni ni fimbo ya mbali. Mtaa ni fimbo ya karibu.

Hata hivyo, lazima niseme ukweli wa upande wa pili. Wako watu ambao mtaa hauwezi kuwabeba. Anayevamia nyumba na panga, anayenajisi watoto, anayerudia na kurudia huku akicheka, hao sheria inawajua na mahali pao panajulikana. Uangalizi haukutungwa kwa ajili yao. Na hofu ya baraza la kahawa juu ya hongo si hofu ya kijinga. Kila pale ambapo hakimu ana hiari, mlango wa hongo uko karibu. Dawa yake si kuifuta hiari, bali kuiweka hadharani: taarifa isomwe mahakamani, sababu zitajwe kwa sauti, aliyeibiwa aambiwe kilichoamuliwa na kwa nini. Kinachofanywa gizani ndicho kinachozaa minong'ono.

Lakini hofu yangu kubwa ni nyingine, na ndiyo iliyonifanya nianze na historia. Naogopa huduma kwa jamii isije ikarudi kuwa kifungo cha nje cha miaka ya 1930 kwa jina jipya. Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Tukianza kuhesabu viwanja vilivyofagiwa na saa zilizotiwa saini, tukaacha kuhesabu watu waliopata kazi na familia zilizosuluhishwa, tumerudi kule kule. Tukianza kujisifu kwamba tumeokoa chakula cha magereza, bila kuuliza yule aliyeokolewa jela yuko wapi mwaka mmoja baadaye, tumerudi kule kule. Mkoloni naye alijua kuhesabu gharama. Alichokosa kukijua ni mtu.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ikamkabidhi taarifa yake. Ni jambo jema kwamba taifa limekaa kuutazama mnyororo mzima, kuanzia mtu anapokamatwa hadi anapotoka gerezani. Lakini tume haiwezi kuja Ngamiani kumwangalia kijana wetu. Kazi hiyo inatungoja sisi.

Ofisa uangalizi anahitaji pikipiki na mafuta, na hilo ni la serikali. Lakini anahitaji pia fundi seremala wa Makorora atakayekubali kumpokea kijana mwenye kesi, akamfundisha randa na msumeno. Anahitaji imamu na mchungaji watakaosema juu ya jambo hili siku ya Ijumaa na Jumapili. Anahitaji mwenyekiti wa mtaa asiyesema, huyu tumemwona, ni mwizi tu. Yule John Augustus hakuwa na mshahara wa serikali. Alikuwa fundi viatu mwenye shughuli zake. Hatuna mafundi viatu Tanga? Tunao. Wenye moyo wa kusema mahakamani, mheshimiwa, huyu nitasimama naye, ndio tunaowatafuta.

Samaki mkunje angali mbichi, wamesema wahenga, na methali hiyo ni ya watu wa pwani wanaojua samaki. Kijana wa miaka 19 bado mbichi. Ukimweka juani miaka miwili pale Maweni atarudi mkavu, na atarudi hapa hapa Ngamiani, maana hana kwingine kwa kwenda. Hakuna mfungwa wa miaka miwili asiyerudi mtaani. Swali letu ni arudi akiwa mtu gani.

Naye muuza samaki? Nimemwacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi ndiye tunayemsahau. Kijana akipelekwa jela, muuza samaki anapata faraja ya siku moja, na baiskeli yake inabaki bila taa. Kijana akiwekwa chini ya uangalizi unaosimamiwa kweli, atapata taa yake, atapata karia yake, na huenda siku moja akaombwa radhi mbele ya mama wa kijana. Kwa mkazi wa Tanga, hiyo ni haki inayoonekana na inayoshikika. Ile nyingine anaisoma kwenye gazeti.

Ndugu wasikilizaji, muda wangu umekwisha. Nawaachia swali hili mkalijadili barazani: kijana wa jirani yako akiiba kesho na akakiri, wewe uko tayari kumwangalia, au utamsubiri atoke?